Kopo Chini ya Mparachichi

Mwalimu mwenzangu wa hisabati ananisumbua kila Ijumaa nilifute lile kopo. Akitoka msikitini hupitia ofisi ya walimu kuchukua madaftari yake, kanzu bado imenyooka, na swali ni lilelile. "Umelifuta?" Namwambia bado. "Mwalimu, lile ni eneo la reli. Siku moja mtu atalifuata aumie, na tutakaoulizwa ni sisi." Anasema kweli. Karibu kila mara anasema kweli, na hilo ndilo linalonifanya nimjibu vibaya. Namwambia akasahihishe mitihani yake aniache.

Kopo lenyewe halipo tena. Kilichobaki ni alama ya kijani kwenye ramani ya simu yangu, upande wa Kasulo, wilaya ya Ngara, nilikozaliwa. Nikiibonyeza inaniambia niko kilomita ngapi kutoka hapo. Nikiwa Biharamulo ninakofundisha, inasoma umbali mrefu. Nikienda kwa mama umbali unapungua, na kuna siku nimeitazama ikipungua mpaka nikaizima simu na kuitia mkobani.

Mchezo huu wa kuficha makopo alinifundisha yule mwenzangu wa hisabati. Ni mtoto wa wafanyabiashara wa Biharamulo mjini, babu zake walitoka pwani na vitambaa wakaona heri wabaki, na ndugu zake wote wanauza kitu. Yeye hawezi kuuza hata peremende. Alijifunza mchezo chuoni, kwa mgeni mmoja aliyekuja kufanya mazoezi ya kufundisha. Unachukua kopo, unatia ndani daftari dogo na vikorokoro viwili vitatu, unalificha mahali. Kisha unaandika namba za mahali hapo kwenye mtandao, na mtu usiyemjua anazifuata kwa simu yake mpaka alikute. Akilikuta anaandika jina lake na tarehe, anachukua kikorokoro kimoja, anaacha kingine, analirudisha palepale. Basi, mchezo umekwisha.

Mara ya kwanza nilimwona mpumbavu. Mara ya pili nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya nyumba ya wageni pale Nyakanazi, gauni la kazini limejaa vumbi, madereva wa malori wananitazama wakichokonoa meno. Mama mmoja muuza wali akaniuliza nimepoteza nini. Nikaona aibu kusema natafuta kopo, nikamwambia pete. Maskini mama wa watu, aliacha sufuria motoni akaja kupiga magoti kando yangu, tukaitafuta pete ambayo haijawahi kuwepo. Kopo nililiona chini ya tofali, nikaliacha hapo mpaka alipokata tamaa. Nilicheka njia nzima kurudi Biharamulo, na tangu siku hiyo mchezo ukawa wangu.

Mwenzangu alikuwa na masharti yake, na aliyataja kwa kidole kama anafundisha kidato cha kwanza. Usiweke kopo kwenye ardhi ya mtu bila kumwomba. Usilizike. Usiliweke darajani, wala kwenye nguzo ya umeme, wala karibu na reli. Hilo la mwisho lilinichekesha. Reli ipi? Ngara nzima hakuna hata aliyekuwa ameota reli. Watoto wangu darasani niliwachorea treni ubaoni, na nilipoulizwa inalia vipi, nilibahatisha.

Mwaka uliofuata wapimaji wa reli wakaja kwetu.

Walipanda vigingi vya zege vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani, kimoja kwenye maharage ya mama, kingine mbele ya choo. Nyumba yetu ikawa katikati. Nilikuwa nyumbani likizo, nikakaa na baba kibarazani wakati ofisa wa mradi akijaza fomu. Alikuwa mtu mstaarabu, alimwamkia baba vizuri kabla ya kufungua kalamu. Aliuliza vyumba vingapi, migomba mingapi, mibuni mingapi. Mparachichi mmoja, baba alisema, lakini mkubwa, andika mkubwa. Kisha ofisa akauliza, "Na makaburi, mzee?"

"Mawili," baba alijibu. "Baba yangu na mama yangu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alisimama pale kwa muda mrefu, mpaka nikamwambia, mama, chai inapoa. Akaja akaliweka sinia chini, akarudi jikoni bila kumkaribisha mgeni. Niliona haya kwa niaba yake. Nilimwomba ofisa radhi, nikamwambia mama amechoka.

Padri alikuja kutoka Rulenge siku ya kuwahamisha babu na bibi. Mashuka yalikuwa mapya, meupe, na baba alilia mbele ya watu, jambo ambalo sikuwa nimeliona. Majirani wote walikuwepo. Mama hakuwepo. Nilimkuta nyuma ya jiko, amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia, anasaga ulezi. Hakuna aliyekuwa amemwomba ulezi. Nilimwita aje kwenye sala, akasema, "Tangulia." Nikarudi peke yangu nimekasirika, nikiwaza watu watasema nini.

Nalitaja jiwe hilo kwa sababu lazima nilitaje. Lilikuwa bapa, refu kuliko mkono wangu, limezama ardhini nusu, na mama alilikuta hapo alipoolewa. Tulipokuwa wadogo, mimi na kaka zangu, tulikuwa na uhuru wa kuharibu karibu kila kitu uani isipokuwa jambo moja. Tusimwage maji ya moto nyuma ya jiwe. Maji ya ugali, maji ya kuchemshia magimbi, yote tuyapeleke mbali, kwenye shimo la majivu. Ukimwaga pale unachapwa, na mama hakuwa mtu wa kuchapa. Tulidhani kuna nyoka. Kaka yangu mkubwa aliapa kuwa amemwona.

Siku ya kuhama, baba na majirani walikuja na mtaimbo kuling'oa. Mama akasema, "Liacheni." Baba akamwambia utasagia wapi, mke wangu? Akasema, "Kuna mashine barabarani." Huyu ni mwanamke aliyekuwa akisema unga wa mashine unanuka mafuta. Baba alinitazama mimi, mimi nikamtazama baba, tukainua mabega. Tulidhani ni uzee umeanza na ukaidi wake.

Mama hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi, hasa nami. Hata jina langu hakuwa akilitumia. Baba ndiye aliyeniita kwa jina, kwa sauti, kutoka shambani mpaka barabarani. Mama aliniita "we mtoto", na nilipomaliza chuo akaanza kuniita "mwalimu". Rafiki zangu walifikiri ananiheshimu. Mimi niliumia kidogo, nikazoea. Mtu huzoea namna anavyoitwa.

Baba hakukaa sana kwenye nyumba mpya kule juu ya mlima. Aliondoka wakati wa masika, tukamzika kando ya wazazi wake waliohamishwa. Disemba nikaja likizo, na jioni moja nikashuka peke yangu hadi mahali petu pa zamani. Nyumba ilikuwa imeshabomolewa, lakini mashine zilikuwa hazijafika, na mparachichi ulikuwa bado umesimama na matunda yake bila mtu wa kuyachuma. Nilikuwa nimebeba kopo la maziwa ya unga. Ndani niliweka daftari, kipande cha chaki, na kifungo cha koti la baba. Nikalitia kwenye pango la mizizi upande wa machweo, nikalifukia nusu kwa udongo ili mbuzi wasilitoe. Nilijua nimevunja masharti yote matatu kwa pamoja. Nilikuwa nataka kuwe na mahali duniani panaposema tuliishi hapa, na mtu mwingine apafuate, aandike jina lake. Nililia pale chini ya mti, nikajipangusa, nikapanda mlima.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Nilimwonyesha simu, ile alama ya kijani. Kwa kawaida simu hazimhusu, lakini siku hiyo aliweka kisu chini.

"Inakumbuka mahali hapo?"

"Inakumbuka, mama."

"Hata nyasi zikiota?"

"Hata zikiota."

"Hata mti ukikatwa?"

"Hata ukikatwa. Namba haziondoki."

Aliigusa ile alama kwa ncha ya kidole. Kisha akasema, "Basi lisogeze. Liweke kwenye lile jiwe."

Nilicheka. Leo kicheko kile kikinijia nikiwa napika hunibidi nikae chini. Nilimwambia mama, jiwe umeliacha mwenyewe, sasa unalililia? Nitakutafutia jingine Rulenge. Nikamweleza kwamba namba nimeshaziandika, kopo halihamishwihamishwi, mchezo una utaratibu wake. Mimi, niliyetoka kuvunja masharti matatu, nilimfundisha mama yangu utaratibu.

Asubuhi yake nikifunga mkoba akaniuliza tena. "Kutoka mparachichi mpaka kwenye jiwe ni hatua ngapi?"

"Ishirini hivi."

"Ishirini ni nyingi," alisema.

"Likizo ijayo, mama. Nitalisogeza."

"Haya, mwalimu."

Mwenzangu alipoliona kopo kwenye mtandao alinijia juu. Aliniambia ukanda ule umeshakabidhiwa mradi, kuingia ni kosa, na mashine zikianza mtu anaweza kufa akitafuta kifungo. Nikamwambia pale ni kwetu. Akasema, taratibu kabisa, "Palikuwa kwenu." Sikusema naye siku mbili. Siku ya tatu aliniletea sambusa za mama yake, nikazila, lakini sikulifuta.

Likizo ijayo haikufika. Wiki chache kabla yake mama alipiga simu wakati wa mapumziko ya saa nne, saa ambayo hajawahi kupiga. "Wameanza kusawazisha," alisema. "Njoo na simu yako." Sauti yake ilikuwa kavu. Niliomba ruhusa, Jumamosi nikabadili gari Nyakanazi, na mchana nilikuwa kwake.

Alinipeleka kwenye migomba nyuma ya nyumba, akaketi kwenye gogo, nami chini. Alisema kwa Kihangaza, na mimi naandika kwa Kiswahili, kwa hiyo kuna kitu kitapotea. Kabla yangu alizaa mtoto wa kike. Aliishi siku nne. Desturi yetu, mtoto hutolewa nje siku ya nane, watu wakamwona, akapewa jina. Anayekufa kabla ya hapo hana jina, na asiye na jina hana matanga. Wanaume hawashiki jembe kumchimbia kaburi. Mama mkwe na wanawake wawili walimzika alfajiri nyuma ya jiko, karibu na jiwe, ili asiwe mbali na sauti ya mama yake akisaga. Hawakuweka alama. Walimwambia asilie, kwamba akilia atajifunga kizazi. Na walimwambia asimtaje, kwa sababu ukimtaja unamwita, na anayekuja baada yake atamfuata.

"Nami nilitaka uje wewe," alisema. "Nikanyamaza. Ukaja. Nikaendelea kunyamaza."

Nilimuuliza kama baba alijua.

"Alijua. Lakini hakuwa na ruhusa ya kumhesabu."

Niliwaka hasira. Sijui nilimkasirikia nani, labda wale bibi watatu waliokufa zamani, labda baba na yale makaburi mawili yake. Nikamwambia mama, kwa sauti ambayo sikupaswa kumtolea, kwa nini hukuniambia? Padri alikuwepo, mashuka yalikuwepo, ofisa yule angeandika tu matatu badala ya mawili. Kwa nini hukuniambia hata mimi?

"Nilikwambia usogeze kopo," alisema mama.

Jumapili tulitoka misa ya kwanza, hatukurudi nyumbani kubadili nguo. Mashine hazifanyi kazi Jumapili, ndivyo nilivyojiambia. Penye njia yetu ya zamani palikuwa na kibao: HATARI. HAIRUHUSIWI KUINGIA. Kilikuwa na herufi kubwa, hata mama angeweza kukisoma. Utepe mwekundu na mweupe ulikuwa umefungwa kutoka kigingi hadi kigingi. Mimi nafundisha jiografia. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi kuwa udongo uliokatwa wima hauna wa kuushika, na kwamba mvua ikinyesha usiku msikaribie ukingo. Usiku ule ilikuwa imenyesha. Niliinua utepe kwa mkono wangu mwenyewe, mama akainama, akapita.

Nilikuwa nimejiandaa kukuta uwanja. Nilifikiri watakuwa wamelainisha juu juu, wameng'oa mti na jiwe, ardhi imebaki. Nilikuwa nimepanga yote kichwani. Simu ingetupeleka kwenye mparachichi, tungegeukia mashariki, tungehesabu hatua ishirini, tungeweka alama, Jumatatu ningemtafuta ofisa. Lakini kilima chetu walikuwa wamekikata. Tuliingia kwenye mfereji mpana mwekundu, kuta mbili zimepanda kupita paa la nyumba, na chini kumeshindiliwa kukawa kama sakafu. Mama alinishika mkono. Nikawasha simu.

Ilisoma mita arobaini. Ishirini. Tisa. Mama alikuwa anatazama ile namba, hatazami ardhi. Ikatetemeka mkononi mwangu ikatangaza kwamba tumefika.

Nilitazama juu. Juu kabisa kwenye ukingo wa ukuta kulikuwa na mizizi iliyokatwa inaning'inia. Huko ndiko kimo cha uwanja wetu kilikokuwa, kiasi cha nyumba mbili kupandana. Simu haijui juu na chini. Ilikuwa imetuleta mahali penyewe hasa, ila mahali penyewe palikuwa hewani.

Mama hakuwa amelielewa hilo bado. Alijigeuza mashariki, kama nilivyomwelekeza, akaanza kuhesabu hatua, gauni lake la kanisani ameliinua kidogo lisiguse tope. Nilitaka kumzuia, sikuweza. Alifika ishirini akasimama, ukuta mmoja karibu umguse. Akatazama miguu yake. Akatazama ukuta wa kushoto, akatazama wa kulia, na taratibu akainua mkono wake wa kuume, akaunyoosha juu ya kichwa, vidole vimekunjuka, hewani.

"Ni huku," alisema.

Hapo ndipo nikasikia mtu anapiga kelele. Alikuwa mlinzi, mtu wa makamo mwenye kofia ngumu ya njano, anakuja mbio kutoka upande wa chini huku anapunga rungu. "Tokeni hapo! Ondoka ukutani, mama!" Mama hakusikia, au hakujali. Yule bwana alimfikia kabla yangu, akamkumbatia kiunoni kwa mkono mmoja, akamburuta mpaka katikati. Kipande cha ukuta kikaachia. Hakikuanguka kwa kishindo, kilishuka tu, kizito, kikakaa pale mama alipokuwa amesimama. Kingetosha kujaza tela la trekta.

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nilimfokea. Nilimwambia amwachie mama yangu, nikamwambia hapa ni kwetu, na wewe umetoka wapi? Alikuwa anahema. Alimwachia mama polepole, akahakikisha amesimama vizuri, akavua kofia. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, baba."

Kisha akanigeukia. "Hamkuona kibao? Hailuhusiwi kabisa. Juzi katapila lenyewe lilitaka kufukiwa."

"Nimekuambia hapa ni kwetu."

"Najua," alisema. "Kila anayeingia anasema hivyo. Na mimi kazi yangu ni kuwatoa wazima."

Alitoa daftari mfukoni, la kukunjakunja, akasema ni lazima aandike waliokutwa ndani. Aliandika tarehe, akaniomba niandike jina langu, nami nikaliandika pale kwenye mstari. Mama alikuwa bado anaangalia juu.

"Baba," alimwambia mlinzi kwa Kiswahili chake cha sokoni, "udongo wa hapa mmeupeleka wapi?"

"Umeperekwa bondeni, mama. Kule wanainua tuta la kupitisha reli. Malori yamebeba wiki nzima."

"Wote?"

Alinitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa. Kisha akasema, "Wote, mama."

Alitutoa kwa njia ya bondeni, akitangulia, akituonyesha pa kukanyaga. Hakuuliza tulikuwa tunatafuta nini, na nilimshukuru kwa hilo, kimoyomoyo, maana mdomoni nilishindwa. Tulipotoka nje ya utepe tukaliona tuta. Lilianza mdomoni mwa mfereji na kukatiza bonde lote ambako zamani tulikuwa tunachota maji, refu, jekundu, limenyooka, limeshindiliwa ubavu. Halina reli mpaka leo. Mwenzangu anasema zitakuja.

Nilimwambia mama twende, jua linapanda. Alivua viatu vyake vya kanisani akavishika mkononi, akasogea mpaka utepe ukamgusa kifua. Mlinzi alisimama kando na kofia yake mkononi, akatazama kwingine. Mama akaita jina langu.

Nilishtuka. Miaka yote hiyo sikuwa nimelisikia kinywani mwake. Lilitoka kamili, vizuri, kama jina alilolifanyia mazoezi siku nyingi kwa siri. Nikaitika kama nilivyofundishwa. "Abee, mama."

"Sikukuita wewe," alisema, bila kugeuka.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Ndipo nikaelewa kwamba jina langu alikuwa ameshalichagua kabla yangu, akaliweka tayari kwa siku ya nane ambayo haikufika, na kwamba mimi nilipewa tu kwa kuwa lilikuwepo na baba alilipenda. Nilitaka kumshika bega. Nikaona si zamu yangu.

Tuta lilikuwa refu na mama hakujua aelekee upande gani. Alitazama mwanzo wake, akatazama mwisho wake, kisha akaita tena katikati, kwa sauti ya kumwita mtoto anayecheza mbali kidogo na chakula kimeshaiva. Mimi safari hii sikuitika.